Mashine Mbili za Abbasi Hilali

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1974, saa moja na robo asubuhi, Mzee Leonidasi alifungua kufuli la ofisi ya Umoja wa Warina Asali, Kibondo, akaingia, akatoka tena upesi kuliko alivyoingia.

"Bi Mwanaamina! Njoo uone! Kile kidogo hakipo!"

Mwanaamina alikuwa bado barazani akikung'uta tope kwenye viatu. Aliviacha hapo hapo akaingia pekupeku. Juu ya meza ndefu ile mashine kubwa ya chapa ilikuwa imetulia chini ya kitambaa chake, lakini pale ilipokuwa mashine ndogo palibaki karatasi moja tu, imewekewa jiwe lisipeperuke. Mashine zile hazikuwa zake wala za Umoja. Zilikuwa za kaka yake, Abbasi Hilali, mwenye duka Kasulu, naye alikuwa amezileta Kibondo zijaribiwe kwa wiki moja, wanunuzi wachague.

Aliinama akaisoma ile karatasi bila kuigusa.

Mqshine nimechukuq mimi. Mmeninyqnyqsq kwq kqwi wq pundq. Tqrehe lO Mqchi nitqchomq ghqlq lq ntq.

Mzee Leonidasi, mwenyekiti wa Umoja, aliisoma kwa sauti mara mbili, ulimi ukimkwama kila neno. "Kazi za punda," alinong'ona. "Tarehe kumi atachoma ghala la nta. Mama yangu we! Nta yote ya msimu imo humo."

"Usiiguse, mwenyekiti," alisema Mwanaamina. Macho yake yalikuwa kwenye ile kumi. Kuna kitu pale hakikumkalia vizuri, lakini kabla hajajua ni nini, mlango ulijaa watu, na mtu wa mbele alikuwa karani wa Umoja, Melkiadi. Karani aliitazama barua, akavua kofia, akasema kwa huzuni neno ambalo kila mtu chumbani alikuwa amekwisha kulifikiri.

"Huyu ni Harerimana."

Ili mtu aelewe kwa nini jina lile lilitoka upesi namna ile, ni lazima arudi nyuma siku mbili, Jumamosi, pale Mwanaamina alipozifunua zile mashine.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka sita, tangu mumewe afariki na kaka yake amchukue dukani. Alikuwa na utaratibu wake, na ole wake aliyemvurugia. Kila aliyejaribu mashine mpya alipewa karatasi yake mwenyewe, aandike jina, tarehe na mwaka, halafu apige mstari wowote autakao. Chini ya karatasi Mwanaamina aliandika kwa kalamu maneno ya kwanza yaliyomtoka mtu huyo. Alishikilia kwamba ukitaka kujua bidhaa itanunuliwa au haitanunuliwa, msikilize mtu kabla hajaanza kujifanya mjuzi. Kisha karatasi zote zilikwenda kwa Abbasi Kasulu, naye alizisoma usiku kucha akicheka peke yake.

Jumamosi ile saa nne asubuhi walikuwa wanne. Mwanaamina aliwaeleza: kubwa ni ya ofisini, nzito, inatoa nakala tano za kaboni bila kulalamika. Ndogo ina sanduku lake na mpini, ni ya mwalimu, ya padri, ya mtu mwenye barua zake nyumbani. "Na zote mbili zina moja yake na sifuri yake," alijigamba. "Yale mambo ya mashine za zamani, kuazima herufi ya eli uifanye moja na herufi ya o uifanye sifuri, yamekwisha."

Mzee Leonidasi aliikandamiza kubwa kwa kidole gumba akasema, "Hii ina heshima." Tharsisi, dereva wa lori linalokwenda Kasulu na kurudi, aliinyanyua ndogo kwa mpini akacheka: "Hii inakaa chini ya kiti changu. Pale Manyovu mpakani hawangeniuliza bei, wangeniuliza ziko ngapi!" Melkiadi alikataa hata kuigusa ndogo. "Kichezeo," alisema, akaketi kwenye kubwa, akapiga jina na tarehe yake kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyopiga barua za Umoja kwenye mashine yao kuukuu kwa miaka kumi na tisa.

Wa mwisho alikuwa Harerimana, mpakuaji wa ghalani. Alivuka mpaka mwaka 1972 akiwa na mkewe Uwimana na nguo walizovaa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa chapa katika ofisi ya kahawa kwao, na watu walisema alikimbia kwa sababu huko waliojua kusoma na kuandika ndio waliotafutwa kwanza. Aliomba kujaribu, kwa aibu. Aliketi, akanyoosha mgongo, akatazama dari, na vidole vikaanza kwenda. Halafu wakaitazama karatasi: Hqbqri wq qsubuhi.

Walicheka mpaka Tharsisi akashika mbavu. Harerimana naye alicheka, akajipiga kofi la paji. "Pardoni, madamu! Mashine ya kwetu ni ya Kifaransa. A iko mahali pengine, Z iko mahali pengine, na tena..." Hawakumwacha amalize. Aliinamisha macho kwenye vitufe, akaandika jina, tarehe na ukurasa mzima wa habari za nyuki, safi, bila kosa, kwa muda ambao Melkiadi angekuwa bado anaweka karatasi. Mzee Leonidasi alisimama akatangaza papo hapo kwamba mashine ikinunuliwa, mpigaji ni huyu, na Melkiadi atakwenda ghalani kwenye mizani. Melkiadi alimpa Harerimana mkono wa hongera. Jioni Tharsisi aliondoka na karatasi zote nne kwenda Kasulu, naye Harerimana aliachiwa ufunguo ili Jumapili aje ajizoeze.

Basi ndivyo ilivyokuwa.

Koplo Makarius alifika saa mbili na nusu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka ya kudumu, na mtu mwenye haraka akikuta jibu mlangoni haendi kutafuta jingine uani. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: ya mwenyekiti, ya karani na ile ya Harerimana. Barua ilikuwa na yale makosa ambayo watu wanne walikuwa wameyacheka kwa sauti. Saa tatu Harerimana alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa.

"Jana ulikuwa humu?"

"Ndiyo, shefu. Kutoka saa saba mpaka saa kumi. Nilifanya mazoezi kwenye ile kubwa."

"Ulipotoka ndogo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Nilifunga. Naapa kwa Mungu aliyenivusha."

"Na barua hii?"

Harerimana aliitazama barua muda mrefu. "Inafanana na mimi," alisema. "Lakini si mimi, shefu. Mimi Umoja haukuninyanyasa. Umoja ulinipa unga."

Mwanaamina alichukua kapu la taka la pembeni, akatoa karatasi saba za mazoezi ya Jumapili, akazinyoosha mezani. "Afande, hebu tazama. Hizi kapiga jana. Hakuna q hata moja mahali pa a. Mtu amekwisha kujirekebisha saa kumi, akarudi usiku kukosea upya?"

"Mtu mwenye hasira mikono yake inarudi kwao," alijibu Koplo. "Bi Mwanaamina, wewe unauza mashine. Niachie mimi wezi."

Jibu hilo lilimchoma kwa sababu halikuwa la kijinga.

Nje alikuwapo Uwimana, mtoto mgongoni, bakuli la maharage mkononi limekwisha kupoa. Alimshika Mwanaamina mkono kwa nguvu. "Mama, wanasema kesho wanampeleka Kigoma. Wanasema mkimbizi akifunguliwa faili anarudishwa. Wakimrudisha, hatafika hata nyumbani kwa mama yake. Watamwua njiani." Alisema hivyo bila kulia, kwa namna mtu anavyosema mvua itanyesha. "Wewe ndiye uliyempa ile mashine ajaribu."

Ni kweli, ndiye yeye. Mwanaamina alirudi ofisini, akamwomba Koplo ruhusa ya kuinakili barua ile kwa mkono, herufi kwa herufi, na Koplo akaruhusu ili apate kupumua. Alipofika kwenye tarehe aligundua kilichokuwa kinamsumbua. Moja ya ile kumi haikuwa moja. Ilikuwa eli ndogo. Na sifuri yake ilikuwa nene na ya mviringo, nayo ni herufi kubwa ya O.

Alilichora hilo vile vile lilivyo, bila kumwambia mtu. Barua ilipigwa kwa herufi nyembamba za mashine ndogo, nayo ina moja yake na sifuri yake. Nani angekuwa nayo mbele ya macho asiitumie? Alitaka kuziona zile karatasi nne za Jumamosi, na karatasi zilikuwa Kasulu. Jioni alimwambia Koplo kwamba mashine kubwa anairudisha kwa mwenyewe isije ikaibwa nayo. Koplo alisema vyema, na gari lake litapita Kasulu kesho kiasi cha saa nane mchana, litatia mafuta, kisha liendelee. Melkiadi atakuwemo kama shahidi, na mwenyekiti pia.

"Na mkifika Kasulu mtapita njia gani?"

"Itategemea simu nitakayoipata pale," alisema Koplo, akaangalia pembeni. Kasulu ndipo njia zinapoachana, moja inakwenda Manyovu, mpakani. Mwanaamina alilielewa jibu lote.

Jumanne saa kumi na moja alfajiri lori la Tharsisi liliondoka Kibondo na mashine kubwa imefungwa kwa kamba nyuma, kati ya magunia ya maharage. Mvua ilikuwa imeinyeshea barabara usiku kucha. Lori lilikwenda likiserereka upande upande, Tharsisi akiusukuma usukani kwa mabega yote mawili.

Walikwenda hivyo maili ishirini. Kisha kisigino cha Mwanaamina kiligonga kitu chini ya kiti. Kilikuwa cha pembe nne, kigumu, kimefungwa ndani ya gunia. Jumapili jioni mke wa mlinzi alimwona Tharsisi akitoka nyuma ya ofisi na gunia begani, na Mwanaamina alikuwa amelisikia hilo Jumatatu asubuhi na kulipuuza. Na sasa walikuwa wawili tu, porini, na mvua.

"Tharsisi," alisema, sauti ameikaza. "Jumapili ulirudi Kibondo saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, dada."

"Nyuma ya ofisi ya Umoja ulikuwa unatafuta nini?"

Dereva alipunguza mwendo. Alimtazama, akatazama miguu yake, akaelewa. Lori likasimama katikati ya njia.

"Ee, dada. Unanidhania mimi?"

"Ulisema inakaa chini ya kiti chako."

"Nilisema! Mimi domo langu litaniua." Aliinama, akavuta gunia, akakata kamba kwa meno. Ndani mlikuwa na katoni ya sabuni na juu yake vitenge vitatu vya rangi kali ambavyo havikupata kuiona forodha. "Nyuma ya ofisi ni njia ya mkato ya kwa shemeji yangu. Anaoza binti Jumamosi. Magendo nakubali, mbele ya Mungu nakubali! Lakini mimi kuandika barua? Dada, Jumamosi nilichukua nusu saa kuandika jina langu, na wewe ulinishika kidole."

Ni kweli alimshika kidole. Mwanaamina alijikuta anacheka, halafu machozi yakamtoka, kwa kuwa saa zilikuwa zinakwenda na mtu aliyekuwa amebaki kwenye hesabu yake alikuwa yule ambaye yeye hakupenda kumfikiria.

"Twende," alisema. "Na ukimbize."

Walifika Kasulu saa tano kasoro dakika kumi. Abbasi Hilali aliwapokea mlangoni mwa duka na kikombe cha kahawa mkononi. Aliposikia mashine imeibwa alikaa juu ya mfuko wa sukari. Mwanaamina hakumpa nafasi ya kulia.

"Karatasi za Jumamosi ziko wapi?"

"Chini ya mto wangu. Nimezisoma. Huyo wa 'ina heshima' atanunua, nakuambia..."

Alizipanga nne zote kwenye kaunta, akazitazama tarehe moja baada ya nyingine, akafunga macho kidogo. Alichokiogopa kilikuwepo. Lakini alijua kwamba hakimtoshi Koplo Makarius. Kilionyesha nani angeweza, hakikumwondoa Harerimana. Ile "na tena" ya Harerimana, waliyoikata kwa kicheko, ilikuwa na nini mbele yake?

Kwenye nyumba ya masista, juu ya mji, palikuwa na mashine ya Kifaransa iliyoachwa na padri mmoja mzee. Sista Immakulata aliifunua, akashangaa mgeni anayetaka kuchora vitufe tu. Mwanaamina alichora safu zote, na kadiri alivyochora ndivyo mkono ulivyomwenda mbio. Alimwomba sista aandike chini jina lake na saa: saa sita na dakika arobaini mchana. Kisha akateremka kilima karibu kwa kukimbia, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, buibui amelikusanya mkononi.

Gari la polisi lilifika saa nane na robo. Harerimana alikuwa nyuma, pingu mikononi, midomo imekauka. Uwimana alikuwa amekataa kushuka tangu Kibondo, na Koplo alikuwa amechoka kumshusha. Melkiadi na Mzee Leonidasi walikaa mbele.

"Afande," alisema Mwanaamina, "kabla hujaenda kwenye simu, nipe dakika kumi ndani ya duka. Nikishindwa, sitakuita tena."

Labda ni kwa sababu Abbasi alikuwa amekwisha kumimina chai. Koplo alikubali.

Mashine kubwa ilikuwa juu ya kaunta. Mwanaamina aliomba pingu zifunguliwe, akamketisha Harerimana, akamfunga macho kwa upande wa kanga.

"Usiogope. Piga kama ulivyokuwa unapiga kwenye ofisi yenu ya kahawa, bila kufikiri. Andika: Mashine nimechukua mimi."

"Madamu, si maneno yangu hayo."

"Najua. Piga."

Vidole vilisita, vikaenda. Mwanaamina aliichomoa karatasi akaiweka kando ya barua ya mwizi.

:qshine ni;echukuq ;i;i

Koplo aliinama. Aliangalia huku, akaangalia kule. "M zimekwenda wapi?"

"Swali zuri, afande. Kwenye mashine ya Kifaransa M iko kulia, karibu na L. Kwenye yetu, mahali hapo pana nukta na mkato. Harerimana akipiga kwa mazoea ya kwao, hawezi kupata M hata moja. Barua ya mwizi ina M kila mahali, zote nzuri. Tena tazama hii 'kwa'. Huyu akitafuta W anapata Z. Mwizi kaiandika W sawasawa."

"Anaweza kuwa anajifanya sasa hivi."

"Huu hapa mchoro wa mashine ya masista, na sahihi ya Sista Immakulata. Saa sita na dakika arobaini. Wakati huo mtu wako alikuwa ndani ya gari lako. Linganisha mwenyewe."

Koplo alilinganisha, kidole juu ya kila herufi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuonekana na haraka. "Basi mwizi alijua a na z tu," alisema polepole.

"Alijua zile zilizokuwemo kwenye Habari za asubuhi. Mstari ule hauna M wala W. Na waliouona ni wanne na mimi watano." Aliziweka zile karatasi. "Ndogo haina haja ya kuazima herufi, nilisema mbele yao wote. Lakini mtu aliyeandika barua kwa ndogo aliandika kumi kwa eli na o. Mikono yake ina mazoea ya mashine kuukuu, hata pale anapofikiri kwa bidii jinsi ya kuonekana mtu mwingine. Hizi ni tarehe zenu za Jumamosi. Mwenyekiti kaandika mwaka kwa moja ya kweli. Tharsisi, kwa kidole changu, moja ya kweli. Harerimana, moja ya kweli." Aliisukuma karatasi ya nne mpaka ukingoni mwa kaunta. "Hii imeandikwa kwa eli."

Hakutaja jina. Jina lilikuwa juu ya karatasi, limepigwa kwa vidole viwili, wino mweusi mpya kabisa.

Mzee Leonidasi aligeuka. "Melkiadi?"

Melkiadi alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Alifungua mdomo kukana, akaitazama ile karatasi, na mabega yakamshuka. Labda aibu ya kukana mbele ya kazi yake mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko aibu nyingine.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Mashine ile ya zamani nimeifunga kwa waya, nimeitia mafuta ya nyumbani kwangu. Kisha mpakuaji anakaa nusu saa na mnaniambia nenda kwenye mizani. Mbele yake. Mbele ya dereva." Sauti ilimpanda. "Mlicheka, mwenyekiti! Nilipokuwa natafuta herufi ulicheka."

"Nilicheka," alikiri Mzee Leonidasi, uso umemsawijika.

"Nilifikiri watamhamishia kwenye makazi ya wakimbizi wenzake, Tabora huko, basi. Mizigo anaweza kubeba popote."

"Gari lilipofika hapa ulijua Manyovu iko upande gani," alisema Mwanaamina. Hakuwa amepanga kusema kwa ukali namna ile, lakini hasira ilimshinda. "Umekaa kiti cha mbele saa tano, mkewe yuko nyuma yako, hukusema neno."

Melkiadi alisema tu mashine iko porini Kumsenga, ndani ya mzinga wake wa tatu, ule usio na nyuki. Watu wote pale walielewa kwa nini alichagua mahali hapo: hakuna mrina asali anayefungua mzinga wa mwenzake, hata akiukuta umeanguka.

Koplo Makarius alisafisha koo. Pingu zilikuwa bado mkononi mwake, na alipozifunga tena zilikuwa kwenye mikono mingine. Uwimana, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliketi chini sakafuni ghafla, mtoto akaamka akalia. Harerimana alifungua kanga machoni mwake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumfungua.

"Nahitaji maelezo ya mtuhumiwa," alisema Koplo, anarudi kwenye kazi aliyoizoea. "Nakala tatu, ziende Kigoma na gari hili hili. Harerimana, umekaa hapo hapo kwenye mashine. Piga, kijana. Anza na jina lake kamili."

Abbasi alileta karatasi tatu na kaboni. Mwanaamina alizitia yeye mwenyewe, akazinyoosha. Alifikiri kwamba ingekuwa haki, na tena tamu kidogo. Harerimana aliweka vidole juu ya vitufe. Kisha akavitoa, akaviweka mapajani.

"Hapana, shefu."

"Hapana nini? Mtu huyu alitaka kukuua."

"Najua." Alizungumza polepole, akitafuta Kiswahili chake. "Kule kwetu, shefu wa buro, mkuu wa ofisi yetu, aliniletea majina yameandikwa kwa mkono. Themanini na sita. Akasema nipige nakala tatu, safi. Nikapiga safi, sikukosa herufi. La hamsini na mbili lilikuwa la kaka yangu. Nilidhani ni watu wa kupandishwa mshahara, nikafurahi. Kesho yake lori likaja, wakasoma kwenye karatasi yangu." Alisimama kutoka kwenye kiti. "Barua nitapiga. Habari za nyuki nitapiga. Jina la mtu anayengojwa na gari, sipigi tena."

Melkiadi, ambaye hakulia alipokamatwa, aliinamia pingu zake akaanza kulia, na hapakuwa na mtu aliyejua afanye nini naye.

Koplo Makarius aliivuta ile karatasi kutoka kwenye mashine. Alitoa kalamu mfukoni, akaketi kwenye mfuko wa sukari, akaanza kuandika kwa mkono, na safari hii hakuwa na haraka.